Mlango wa Kizazi Hauna Kufuli

Jana jioni mmoja wenu, nyie mnaosomea uuguzi na mliopanga vyumba vyangu vya uani, alikuwa anajifunza kuongea mbele ya watu. Alisimama karibu na kamba ya nguo, akakohoa kama mbunge, akasema: "Ndugu wananchi, leo tutazungumzia mlango wa kizazi." Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikacheka mpaka ungo ukaniponyoka, kuku wakapata karamu wasiyoitegemea. Mkadhani nawadharau. Hapana, wajukuu zangu. Nilicheka kwa sababu maneno hayohayo ndiyo yaliyonifanya niulizwe mbele ya kijiji kizima kama mlango huo unafungwa kwa komeo au kwa kufuli.

Kaeni niwasimulie. Na wewe uliyekuwa unahutubia, acha kununa, sogeza kigoda.

Nilifanya kazi ya uuguzi mpaka nywele zikabadilika rangi, miaka mingi hapahapa Ifakara, upande wa mama na mtoto. Aliyenifundisha kuchoma sindano ni Sista Gaudensia, mtawa mfupi aliyevaa viatu vya kiume na kuongea kama mtu anayeamia ndege shambani, kwa makelele ya kuwafukuza. Aliniambia: "Benigna, usimdanganye mtoto kwamba haiumi. Ukimdanganya, siku nyingine atakimbia, na atakimbia na wenzake. Mwambie itauma kama siafu mmoja. Kisha muulize jambo la kumfikirisha." Basi mimi huwa namuuliza mtoto, "Kuku wenu anaitwa nani?" Mtoto anakukodolea macho: kuku ana jina? Na wakati bado anashangaa ujinga wa nesi, sindano imeshaingia na kutoka. Jaribuni, mtanikumbuka. Mara moja tu ilinishinda. Binti mmoja wa Malinyi aliniambia kwao kuku wote wana majina, akaanza kuyataja, na nilipomaliza kuchoma alikataa kuinuka kwenye kiti kwa kuwa hajafika kwa majogoo.

Sasa, chanjo hii ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kufika kwetu, tulianza na wasichana wa miaka kumi na minne, na ilikuwa dozi mbili. Nyie mmerahisishiwa: siku hizi dozi ni moja, na wanaanza wakiwa na miaka tisa. Nikatumwa mimi na dereva wetu Desderi kwenda kijiji kimoja mbele ya Mlimba, njia ya Masagati. Jina la kijiji nalimeza, maana wenyewe wapo na bado tunasalimiana.

Asubuhi ya safari Desderi alinikuta nimeweka pakiti ya barafu sikioni, naitikisa.

"Sista, unampigia nani?"

"Nasikiliza maji."

Alinitazama kwa huruma, akaenda kukagua matairi. Lakini hilo lishikeni. Chanjo hii haitaki joto, na barafu kali inaiharibu vilevile. Pakiti zikitoka kwenye friji msizipange papo hapo ndani ya kisanduku. Ziacheni zitoe jasho, kisha tikisa moja sikioni. Ukisikia maji yanacheza, hapo ndipo unapakia. Watu wakikucheka, waache wacheke.

Karibu na Mlimba tulimpa lifti mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya perege. Tairi likapata pancha. Desderi anafungua nati, mimi nimesimama kivulini, mara nikasikia kifuniko cha kisanduku kinalia. Nageuka, mama ameshika perege mkubwa mkononi, anapima namna atakavyomkunja aingie.

"Mama! Hiyo ni chanjo!"

"Mwanangu," akaniambia kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto adabu, "umebeba friji zima halafu uniache samaki wangu waharibike?"

Nilirukia kile kisanduku kama kipa. Toka siku hiyo sijawahi kusafiri na chanjo bila kuikalia karibu. Mama yule alinuna mpaka tulipomshusha, ila hakusahau kutuachia perege mmoja wa asante.

Tulifika shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa amewapanga wasichana vizuri, na wa kutusaidia alitupa mwalimu wa michezo, kijana mwenye kifua kama gunia la mpunga. Mimi nikatundika kanga dirishani na nyingine mlangoni, kwa sababu Sista Gaudensia alisema asiyechomwa bado asimwone anayechomwa. Mwalimu wa michezo akasimama nje ya kanga, anawatia moyo wasichana: "Msiwe waoga! Sindano ni nini? Niangalieni mimi!"

Wakamwangalia. Akafunua pembe ya kanga achungulie, akaona nafungua tu karatasi ya bomba la sindano, akaenda chini na kanga yangu mkononi.

Msichana wa mbele kwenye foleni akaona mwalimu ameanguka, naye akaanguka. Wa pili akamfuata, wa tatu akakaa chini analia, wengine wakatawanyika uwanjani. Nawaambia kabisa, hata mmoja alikuwa hajachomwa! Tukawalaza, tukawainua miguu, tukawapepea kwa madaftari. Wasichana waliamka upesi. Mwalimu ndiye aliyetukawiza. Alipofungua macho aliuliza kama mechi imeisha.

Wajukuu zangu, kuzimia namna hiyo ni woga wa sindano, si sumu ya chanjo. Mchomeni mtu akiwa amekaa, na abaki amekaa robo saa nzima chini ya macho yenu. Lakini nendeni mkakieleze hilo kijiji ambacho kimeshasikia habari. Kabla chai haijapoa, wazazi walikuwa wamejaa uwanjani: chanjo imeua mwalimu. Marehemu mwenyewe alitoka nje kukanusha, wakamwambia akae kimya apumzike.

Hapo ndipo alipoingia Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kolumba. Mpogoro mwenzangu, Mkatoliki mwenzangu, mkulima wa mpunga, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Alipita moja kwa moja kwenye foleni, akamshika mkono binti yake Teofrida, msichana mwembamba mwenye macho makubwa, akasema: "Huyu hachomwi. Na wengine wasichomwe mpaka tukutane." Teofrida akaniangalia kama anayeomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Tukakutana darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni. Nikasimama, nikakohoa, nikasema: "Ndugu wananchi, leo tutazungumzia mlango wa kizazi."

Mzee Kolumba akanyoosha mkono. "Mlango?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Wa wapi?"

"Wa kizazi. Ni sehemu ya mwanamke, ndani, inapoanzia nyumba ya mtoto."

"Na huo mlango mnakuja kuuchoma sindano."

"Hapana. Sindano ni ya bega."

"Bega na mlango wapi na wapi? Sista, mimi nimejenga nyumba tatu. Mlango una fremu, una bawaba, una komeo. Tunachouliza hapa ni kimoja tu: mkishachanja, mlango unabaki wazi au mnaufunga kwa kufuli? Maana sisi tumesikia mnaufunga."

Darasa likaguna. Nikaona maneno hayatoshi, nikachukua chaki. Nikachora kizazi kama tulivyofundishwa chuoni: mfuko katikati, mirija miwili imepinda juu kulia na kushoto, vifuko vya mayai pembeni. Nikageuka. Watu wameinamisha vichwa wanatafakari.

"Huyo mbuzi," akauliza Mzee Kolumba, "ni wa nani?"

Nikatazama mchoro. Kweli bwana. Pembe hizi hapa, masikio haya hapa, na mlango wa kizazi umekaa kabisa mahali pa mdomo. Nimeuchora mchoro ule maisha yangu yote na sikuwahi kumwona mbuzi. Tangu siku ile sioni kingine.

"Si mbuzi," akasema mtu nyuma. "Huyo ni ng'ombe. Mbuzi hana uso mpana hivyo." Alikuwa mfugaji mmoja Msukuma, Mzee Masanja, ambaye ng'ombe wake walijulikana bonde zima kwa kutoheshimu mipaka ya mashamba.

Nilifuta ubao. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaongea nao kama ninavyoongea nanyi sasa. Nikawaambia kuna kirusi kinaitwa HPV. Kinaambukizwa kwa kujamiiana na kugusana kwa karibu sehemu za siri, na ni cha kawaida kuliko mafua ya masika: wengi wetu tuliokwisha kuingia mambo ya kikubwa tumewahi kuwa nacho, waume kwa wake, bila kujua. Hakiumi, hakiwashi. Mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Lakini kwa baadhi ya wanawake kinang'ang'ania pale mlangoni kama mgeni asiyeaga, na kidogokidogo, kwa miaka kumi, hata ishirini, kinaiharibu nyama ya pale mpaka inageuka saratani. Mama anakuja kwetu anatokwa damu na amekonda, na tunachoweza kufanya ni kidogo. Niliwaambia nimewaosha akina mama wa namna hiyo kwa mikono yangu.

Mzee Kolumba akanyoosha mkono tena. "Kama kinapatikana huko kwenye mambo ya kikubwa, na mnataka kumchanja binti yangu, mmemwonaje? Mhuni?"

"Mwenyekiti, una shamba la mpunga?"

"Kubwa."

"Dungu la kuamia ndege unalijenga lini? Ndege wakishakula au kabla?"

"Kabla."

"Na ukijenga dungu, unakuwa umewaalika ndege?"

Wanawake wakapiga makofi. Mzee Kolumba akakuna shingo, akatafuta mlango mwingine wa kutokea. "Sawa. Basi mimi nina mbuzi jike. Mchanje huyo kwanza. Akizaa, nami namleta Teofrida."

Nikasema chanjo ya watu siwezi kumpa mbuzi. Akasema basi kuna kitu ninaficha. Hapo Mzee Masanja akasimama, dawati likasimama naye kwa kuwa goti lilikuwa limenasa.

"Bhebhe, wewe Mwenyekiti! Ng'ombe wangu wanachanjwa kila mwaka. Kama chanjo inafunga uzazi, mbona kila kikao mnanishitaki kwamba wamezidi?"

Watu walicheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Mimi na elimu yangu najua chanjo ya ng'ombe si ushahidi wa chanjo ya binti, ya binti ilijaribiwa kwa watu, tena kwa muda mrefu, kabla haijatufikia, na nilisema hivyo. Lakini aliyewageuza watu ni Masanja. Wazazi wengi wakainuka kwenda kuwaita mabinti zao.

Mzee Kolumba akapiga meza. "Mkutano umefungwa!"

"Kwa komeo?" akauliza Desderi kutoka dirishani.

Tulichanja wasichana mpaka jua likavuka utosi, mwalimu wa michezo akiwa amepangiwa kazi ya kuchota maji, mbali. Teofrida hakuwemo. Alikaa kwenye ngazi za darasa, anawaangalia wenzake wanavyotoka wakishika mabega na kujitapa.

Kijijini, ukikataa maneno ya mgeni hukatai kumlisha. Mzee Kolumba akatukaribisha kwake, wali na yule perege wetu wa asante. Mkewe nitamwita Leonsia, maana majina ya nyumba hii yote nimeyabadili. Jina hilo amejichagulia mwenyewe na ameniruhusu nisimulie, mradi niseme kwamba wali wake ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri. Nilimfuata jikoni kumsaidia kupakua. Alikuwa mwanamke mcheshi, mnene kiasi, mikono haitulii. Akanipa mgongo, anakoroga mchuzi ambao ulikuwa hauhitaji kukorogwa.

"Dada, ile damu uliyosema darasani. Ni ya mwezini au nyingine?"

"Nyingine. Inayokuja katikati ya mwezi, au baada ya kukutana na mume."

Akakoroga. "Na mtu akiwa nayo tangu kipindi cha kupandikiza mpunga, anakuwa amechelewa?"

Sikumuuliza mtu huyo ni nani. Nilimwambia si kila damu ni saratani, mara nyingi ni kitu kingine kabisa, lakini ni lazima aangaliwe, na mapema. Akasema mume wake hatakubali. Nikasema niachie. Nilirudi sebuleni, nikamwambia Mzee Kolumba kwamba kwa kuwa yeye ndiye mwenye mashaka na milango, nampa nafasi: amlete mkewe Ifakara, asimame pale nje, ajihakikishie kwa masikio yake kama ataisikia kufuli. Kisha akamwangalia mkewe aliyesimama mlangoni na sufuria, na naapa nilimwona akielewa kwamba haya si mambo ya utani.

"Tutakuja," akasema.

Walikuja, Mzee Kolumba amevaa koti lake la harusi. Daktari wetu, binti mpole, akamlaza Leonsia, mimi nikaandaa taa na siki. Mnajua jinsi tunavyofanya: tunapaka siki kwenye mlango wa kizazi, tunangoja kidogo, palipoharibika panakuwa peupe. Harufu ya siki ikapita chini ya pazia. Tukasikia sauti ya Mzee Kolumba barazani.

"Sista! Mnamfanya nini mke wangu humo? Mnamtengeneza kachumbari?"

Leonsia akacheka, na alipocheka daktari akasema, "Mama, usicheke, taa inacheza," nami nikacheka, ikabidi tusubiri wote watatu. Kisha daktari akaangalia tena, akaacha kutabasamu. Palikuwa na doa jeupe, nene, na pakiguswa panatoa damu. Akakata kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Akamweleza Leonsia kwa maneno ya wazi, na Leonsia mwenyewe akaomba mumewe aitwe.

Mzee Kolumba aliingia, akasikiliza, koti limemkaa kama la mtu mwingine. Kitu cha kwanza alichouliza, na mtaulizwa na nyie, jiandaeni: "Amekitoa wapi hicho kirusi?"

Leonsia akageuka. "Nimekitoa wapi? Wewe uliyekaa Mlimba msimu mzima unauza mpunga unaniuliza mimi?"

"Mimi nilikuwa nalala kwa mjomba!"

"Mjomba yupi? Yule aliyekufa?"

Nikaingia katikati kabla ndoa haijaenda na mjomba. Nikawaambia kirusi hiki hakina hati ya kusafiria. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuonekana. Kinaweza kuwa kiliingia kabla hawajajuana, kwa huyu au kwa yule, na hakuna daktari duniani atakayewaambia ni lini wala kwa nani. "Mkitafuta mwenye kosa hamtampata," nikasema. "Mtapoteza tu nguvu mnazozihitaji kwa kutibiwa." Kisha Mzee Kolumba akachukua mkoba wa mkewe, mkoba wa kike wenye maua, akauvaa begani juu ya koti la harusi, akamwambia: "Twende ukanywe soda."

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote katika kazi yetu, na hakuna chuo kinachoufundisha. Mzee Kolumba akaanza kunipigia kila asubuhi. "Sista, habari za huko? Mvua imenyesha?" Namwambia bado. "Haya." Anakata. Kesho yake tena: "Mvua?" Mtu ana mpunga huko njia ya Masagati, mvua ya Ifakara ya nini? Nilijua anachouliza, naye alijua kwamba najua.

Na katikati ya wasiwasi huo akatuzulia balaa. Huko kijijini alisimulia, kwa sifa, jinsi siki ilivyoonyesha ugonjwa wa mkewe. Maneno yakasafiri, yakapotea njia. Siku moja muuza duka mmoja wa Mlimba, Mzee Salumu, mtu wa pwani mwenye lugha laini, akapiga simu kliniki: "Binti yangu, nisaidie. Akina mama wamemaliza siki yote dukani, sasa wanataka ya jumla. Wengine wanainywa papa hapa kaunta na wananiuliza kama wamekuwa weupe." Ikabidi Desderi anipeleke nikafanye mkutano sokoni kuwaambia siki haitibu, ni ya kumwonyesha mtaalamu tu, na anayeipaka ni mtaalamu. Nilipata walau faida moja: kwa kuwa wamekusanyika, niliwapanga waje kupimwa kweli. Wakaja wengi, wengine bado wana kiungulia.

Majibu yalipofika, nilimpigia Leonsia, maana ugonjwa ni wake. Nikamwambia haijawa saratani. Imefika karibu, imebisha hodi, lakini haijaingia. Kuna sehemu ndogo itaondolewa, hatalazwa, na atakuwa anarudi kuangaliwa kila tutakapomwita. Nilisikia tu simu ikidondoka, vishindo, halafu sauti ya Mzee Kolumba: "Sista? Sista, mbona analia? Mvua imefanyaje?"

"Imenyesha, Mwenyekiti. Vizuri."



Leonsia aliondolewa ile sehemu kwa waya mwembamba wa umeme, akarudi nyumbani siku hiyohiyo na masharti ya wiki chache bila kukutana na mume, ambayo huyo mume alituomba tuyarudie mara mbili ili yeye mwenyewe asijifanye hakusikia. Mpaka leo anakuja kuangaliwa, hana kitu. Na nyie mtakaowachanja mabinti, waambieni na hili: chanjo inakinga aina mbaya zaidi za kirusi, si zote, na haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia. Kwa hiyo binti akiwa mtu mzima, aliyechanjwa na asiyechanjwa, wote waje kupimwa.

Tuliporudi kijijini kwa awamu ya pili nilidhani nitamkuta Mzee Kolumba na binti yake mmoja. Nikasikia mngurumo. Powatila lake, lile trekta dogo la kulimia mpunga, linakuja, tela limejaa wasichana wanaimba nyimbo za kwaya, na yeye amesimama mbele na koti la harusi. Alikuwa amepita vitongoji vyote kuwakusanya waliokosa mara ya kwanza. Kwenye kila nyumba, niliambiwa baadaye, alisema maneno yaleyale: "Mimi nilikataa. Muulizeni mke wangu."

Akashuka, akakunja mkono wa shati. "Anza na mimi, waone haina kitu."

"Mwenyekiti, hii ni ya wasichana."

"Basi nichome hata ya maji."

"Sichomi watu maji."

"Sista, una roho ngumu." Akashusha mkono wa shati, akamwita Teofrida. Binti akakaa kwenye kiti nyuma ya kanga, baba akasimama pembeni yake, akamshika mkono. Nikamwambia binti ukweli, kwamba itauma kama siafu mmoja, nikamuuliza kuku wao anaitwa nani. Akacheka. Nikachoma, nikatoa, nikabonyeza pamba.

Mzee Kolumba alikuwa ameganda. Uso ameuelekeza darini, taya zimekazwa, ameung'ang'ania ule mkono mdogo mpaka vidole vya mtoto vimepauka. Machozi yanamshuka mpaka kwenye kola.

"Baba," Teofrida akamwambia taratibu, "imeshaisha. Unaweza kufumbua macho."

"Nani kasema nimefumba?" akajibu Mzee Kolumba, macho bado yamefumbwa.